Toleo la Kwanza la Mjomba Fabiani

Tangu tumzike Mjomba Fabiani sijapata usingizi wa kueleweka. Si huzuni peke yake. Ni uchovu wa mtu aliyeuguza muda mrefu mpaka mwili ukasahau namna ya kupumzika. Nikilala, sikio langu linaendelea kusubiri kikohozi chake kutoka chumba cha pili. Ndugu waliokuja msibani wamesharudi kwao, turubai na masufuria vimerudishwa kwa wenyewe, na mimi nimebaki na nyumba yake ya Makanyagio, ufunguo wa sanduku la bati, na simu za mtu wa Dar es Salaam ambaye simjui.

Mtu huyo ananunua vitabu vya zamani. Anaongea taratibu, anatoa pole kabla ya kusema shida yake, kwa hiyo siwezi hata kumkasirikia. Ameniambia kwamba kitabu alichoandika Mjomba ujanani hakipatikani tena popote, kwamba kilipigwa chapa mara moja tu, na kwamba wapo watu wanaotafuta nakala za toleo lile la kwanza, hasa zenye maandishi ya mkono wa mwandishi mwenyewe. Akauliza kama familia inazo. Nikamwambia zipo. Akauliza ni ngapi, nikamwambia sijui, na kweli sikujua. Ziko Usevya, ziko Litapunga, nyingine Mwamkulu, kwa kila ndugu aliyewahi kuoa, kuolewa au kubatizwa Mjomba akiwa na nguvu zake. Mdogo wangu Doto anasema tuzikusanye tuziuze, kwa kuwa hakuna anayezisoma. Sina nguvu ya kubishana naye. Nimemwambia nyie fanyeni mnavyoona, ila yangu haiuzwi. Aliponiuliza kwa nini, nikamwambia nimechoka, tutaongea siku nyingine.

Juzi nikafungua lile sanduku kutafuta vyeti vyake. Harufu ya nafutalini na karatasi ya zamani ikanipanda puani, nikajikuta nimekaa chini sakafuni, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Harufu ile ndiyo iliyonipokea siku nilipoingia nyumba hii mara ya kwanza, nikiwa darasa la pili, nimeshika kitabu changu kwa mikono miwili na nikiamini kwamba nimetolewa sadaka.

Mjomba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Mpanda. Ndiye aliyekuwa mkubwa wao upande wa mama yangu, na ndiye mtu pekee katika ukoo wetu aliyewahi kuandika kitabu. Kilikuwa kitabu chembamba chenye jalada la buluu na mchoro wa kiboko ambao mimi kwa miaka mingi niliamini ni nguruwe. Ndani mlikuwa na hadithi za Wapimbwe, kabila la kina Mama, alizosimuliwa na bibi yake, ameziweka kwa Kiswahili. Kampuni iliyokichapa ilikufa muda mfupi baadaye, na malipo ya Mjomba yakawa vitabu vyenyewe, maboksi yaliyokuja kwa treni kutoka Tabora akayapokea stesheni na mkokoteni. Hakuwa na ng'ombe wala shamba la kujivunia. Alikuwa na maboksi. Kwa hiyo kila ndugu alipofunga ndoa, kila mtoto alipobatizwa au kupokea Komunyo ya kwanza, Mjomba alifika na kitabu kimoja kimefungwa ndani ya gazeti, akaomba meza, akatoa kalamu ya wino mfukoni, akaandika ukurasa wa mbele taratibu huku watu wote wakimsubiri.

Siku ya harusi ya Mama ndiyo iliyosimuliwa zaidi nyumbani. Baba yangu ni Msukuma. Kwao walishuka huku na ng'ombe wao kutafuta malisho, na ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya Mama walipita katikati ya Usevya, kijijini kwetu, watu wakatoka nje kuwaangalia. Ikafika zamu ya upande wa bibi harusi kutoa zawadi, akasimama kaka mkubwa, mwalimu, mtu wa mjini, akatoa kitabu. Babu yangu mzaa baba alikipokea kwa heshima, akakigeuza huku na huku, akakishika kwa mgongo na kukitikisa aone kama kuna kitu kitadondoka. Hakikudondoka kitu. Babu akakirudisha polepole na kuuliza kwa Kisukuma kama hiyo ndiyo zawadi au ndiyo orodha ya zawadi. Mama alipofika hapo katika kusimulia alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, na mimi niliipenda hadithi ile kwa sababu ya kicheko, maana sikukisikia mara nyingi.

Wengine hawakuvitunza. Mama mdogo Skolastika, aliyeolewa Litapunga, alikuwa akiuza karanga, na kitabu chake kikaishia kufungia karanga, ukurasa mmoja mmoja, mpaka ukabaki ule ulioandikwa kwa mkono. Huo akaukata vizuri akauweka kwenye fremu ya kioo karibu na picha ya Bikira Maria. Mjomba alipomtembelea na kuuona, alisema umependeza.

Lakini Mama alikisoma chake. Alikisoma akinyonyesha, akisubiri maharage yaive, akilinda ndege shambani wakati mpunga umetoa masuke. Kurasa zilikuwa na alama za vidole vyake vya mawese, na kona zilikuwa zimelainika kama kitambaa. Wakati mwingine alisimama kwenye mstari fulani akaguna na kusema kaka hapa kakosea, bibi hakusema hivi. Kwenye ukurasa wa mbele Mjomba alikuwa amemwandikia: "Kwa Matilda, mdogo wangu, siku ya ndoa yake. Usiache kusoma." Nilijifunza kusoma kwa maneno hayo, kabla ya yale ya ubaoni.

Nilipoyamaliza nikafungua ukurasa wa pili, ule wenye maandishi madogo ambao watu wazima huwa wanauruka. Hapo palikuwa na maneno matatu yamesimama peke yake: Toleo la Kwanza. Niliyatambua mara moja. Kanisani kwetu kila Jumapili baada ya mahubiri kwaya ilianza kuimba, na akina mama wakapanda na matoleo: mchele kwenye ungo, mayai, ndizi, kuku amefungwa miguu kichwa kikining'inia. Katekista alikuwa ametufundisha habari za Abeli aliyemtolea Mungu wazaliwa wa kwanza wa kundi lake, wale walionona, na Mungu akapendezwa. Nilikuwa nimeuliza wale wanyama walikwenda wapi baadaye. Katekista alisema kilichotolewa kimetolewa. Basi kwangu mimi hesabu ilikuwa rahisi. Matoleo ni mengi, toleo ni moja, na la kwanza ni lile lililonona. Nikaona sasa kwa nini Mjomba aliwagawia watu vitabu vyake hata wasipovitaka. Alikuwa anatoa sadaka. Nilimheshimu sana kwa hilo na sikumwambia mtu.

Kisha ukaja mwaka uliomchosha Mama. Alijifungua mapacha, Kulwa na Doto, mvua zikiwa zimezidi na majaruba yetu yote yamezama. Baba aliondoka na ng'ombe kuelekea bonde la Rukwa kutafuta majani, akasema atarudi mapema, na kilichorudi ni salamu tu, kupitia kwa watu waliopita na baiskeli. Tulikuwa watoto watatu kabla ya mapacha: mimi, mdogo wangu Anna, na Petro ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea. Nakumbuka Mama akitwanga akiwa na Doto mgongoni, na mchi ukasimama hewani, nikadhani anafikiri jambo. Alikuwa amesinzia. Amesimama wima, macho yamefumba, mikono imeshika mchi. Nilimgusa akaendelea kutwanga kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku hizo hakuwa mkali wala mpole. Ukimwita mara moja hasikii, ukimwita mara ya pili anakuja mtu mwingine, mtu anayeitika tu.

Mjomba alikuja wakati wa likizo. Nilikuwa nyuma ya jiko napepeta mchele, na wao wamekaa kwenye kivuli cha nyumba, ukuta wa miti na udongo katikati yetu. Waliongea kwanza habari za watu. Halafu sauti ya Mama ikabadilika.

"Kaka, mimi sijawahi kukuomba kitu."

Mjomba akasema hilo ni kweli.

"Tulimaliza darasa la saba mwaka mmoja, mimi na wewe, ingawa ulinitangulia kuzaliwa. Tulifaulu wote, na mimi nilikupita. Wazee wakasema anakwenda mmoja. Nikakaa nyumbani, ukaenda wewe. Nilisema neno?"

"Hukusema, Matilda."

"Basi sasa nimechoka. Namtoa Tina kwako. Ndiye wa kwanza. Msomeshe."

Halafu Mjomba akaomba meza. Meza ndogo ya kutolea chakula ilipoletwa, nikaitwa na mimi, na ungo wangu mkononi. Mjomba alitoa kitabu kwenye mkoba wake, kipya kabisa, jalada lake buluu iliyokolea ambayo sikuwahi kuiona kwenye kile cha Mama. Mama akamuuliza si alisema hicho ni chake mwenyewe, amekibakiza. Mjomba akasema sasa ni cha huyu. Akaandika, akapuliza wino, akanipa. Kilikuwa kitabu cha kwanza kuwa mali yangu. Nikasoma kwa sauti, kwa sababu nilitaka Mama aone kwamba naweza: "Kwa Kristina, mpwa wangu. Nakala ya mwisho ya toleo la kwanza."

Nilimaliza kusoma, nikayarudia maneno yale kimoyomoyo. Wa kwanza. Namtoa. Toleo. Yote yalikuwa yameandikwa, kwa wino, na jina langu juu yake.

Basi la kwenda Mpanda linapita katikati ya mbuga, na enzi zile dereva aliwaambia watu wafunge madirisha kwa ajili ya mbung'o. Tulikaa kimya kwenye joto, abiria wakipigapiga miguu na shingo kwa matawi. Tulipovuka mto pale Sitalike, Mjomba alinionyesha viboko walivyolala kwenye tope kama mawe yaliyooshwa, akasema angalia, ndio wale wa kwenye jalada. Nikatazama. Hawakufanana hata kidogo. Nilijua anajaribu kunifurahisha, na nikawaza kwamba hata mbuzi huwa wanapewa majani mazuri njiani.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na ile harufu. Aliishi peke yake. Mkewe alikuwa amerudi kwao Tabora kabla mimi sijazaliwa, na hakuoa tena. Alinipa kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka chumba cha mbele. Aliniandikisha shule anayofundisha, akaninunulia viatu, na kila siku tukitoka shule alifunga kanga ya zamani kiunoni akaingia jikoni. Alipika vibaya. Wali wake ulikuwa juu mbichi chini umeungua. Lakini migebuka, wale samaki wa ziwani, alijua kuikaanga, na alinikatia kila mara kipande cha katikati, kile kinono.

Ndicho kilichonitisha. Nilikuwa nimeona kuku wa matoleo wanavyochaguliwa, na nilijua aliyekonda hapelekwi mara moja, anaachwa kwanza azunguke uani. Nikaamua kutonenepa. Nilikula matonge mawili nikasema nimeshiba. Nyama nilimsukumia Mjomba upande wake wa sahani. Uji wa shuleni nilimpa msichana niliyekaa naye dawati moja, ambaye hakuuliza maswali. Njaa niliizoea upesi, ila usingizi darasani sikuweza kuuficha, na mwalimu wangu akamwambia Mjomba.

Mjomba hakunigombeza. Alinipeleka zahanati, wakasema minyoo, nikanywa dawa. Hali ikawa ile ile. Alinunua maziwa. Akanunua karanga, akazisaga, akaziweka kwenye mboga. Alivyozidi kunibembeleza nile ndivyo nilivyozidi kuogopa. Nilianza kumwona amechoka kama Mama: akirudi kutoka shule na madaftari ya watoto kwapani, anakaa kwenye kiti cha barazani bila kuvua viatu, anatazama barabara. Alikuwa hajawahi kulea mtoto. Alikuwa amepewa mmoja na dada yake, na mtoto mwenyewe alikuwa anakwisha mikononi mwake.

Siku moja, jua la saa tisa likiwa kali, aliniita barazani nikaketi ngazini. Aliweka kando daftari alilokuwa anasahihisha akasema hatanipiga na hatanirudisha nyumbani kwa aibu, anataka tu nimwambie ninaogopa nini. Nilikwenda ndani nikaleta kitabu changu, nikamfungulia ukurasa alioandika, nikaweka kidole.

Alisoma maandishi yake mwenyewe. Akaniangalia. Akasoma tena.

"Toleo," alisema. "Unajua ni nini?"

Nikamwambia ni kile kinachopelekwa mbele kanisani, na kikishatolewa hakirudi. Nikamwambia Mama alisema mimi ndiye wa kwanza na amenitoa, nilimsikia. Nikamwambia najua habari za Abeli. Halafu kwa sababu nilikuwa nimeanza, nikamaliza: nikamwomba kama ni lazima, angojee kwanza Baba arudi kutoka Rukwa, nimuage.

Nilitegemea acheke, kama watu wazima wanavyofanya. Hakucheka. Aliegemea ukuta akafunika macho kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka nikadhani amelala. Alipoondoa mkono macho yalikuwa mekundu. Alinieleza taratibu, kama anavyofundisha darasani, kwamba kitabu nacho hutolewa, maana yake kinatoka kiwandani kinakwenda kwa watu. Vile vinavyotoka mara ya kwanza vinaitwa toleo la kwanza. Watu wakivipenda vikaisha, vinapigwa chapa tena, ndiyo toleo la pili.

"La pili liko wapi?" niliuliza.

"Halikutoka."

"Na hiki ni cha mwisho?"

"Kwangu, ndiyo. Nilikuwa nimejiwekea."

Nilielewa habari ya kitabu. Niliona kwamba hakuna atakayenichinja, na kwa kweli nadhani sehemu fulani yangu ilikuwa inalijua hilo siku zote. Lakini lililobaki lilikuwa gumu zaidi, na kwa kuwa hakucheka nililiuliza.

"Lakini Mama alinitoa?"

Mjomba angeweza kusema hapana. Watu wengi wangesema hapana na kumpa mtoto pipi. Nimekaa naye maisha yangu yote na sikuwahi kumsikia akidanganya ili jambo liwe jepesi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuliona hilo kwake.

"Mama yako amechoka, Tina. Hakukutoa kwa kuwa hakutaki. Amenipa kwa kuwa ana mikono miwili tu. Lakini wewe si mali, hukuulizwa, na hilo lilikuwa kosa letu wakubwa. Ukitaka kurudi, sema. Hata sasa hivi."

Nikasema nataka kurudi.

Alitikisa kichwa kukubali. Aliomba ruhusa shuleni, na kulipopambazuka siku iliyofuata tulikuwa kituoni, yeye na mkoba wake, mimi na nguo zangu ndani ya mfuko wa sandarusi, zote, pamoja na viatu vya shule. Safari nzima hakujaribu kunigeuza mawazo. Alinikinga na mbung'o kwa gazeti lake.

Nilikuwa nimewaza Mama atakimbia kunipokea. Tulimkuta uani anaanika mpunga kwenye turubai, Kulwa mgongoni. Doto alikuwa mgongoni kwa Anna, ambaye alikuwa mdogo kiasi kwamba miguu ya mtoto ilikaribia kugusa ardhi. Anna alikuwa amevaa gauni langu la kijani nililoliacha. Mama alinyanyua kichwa, akamwamkia kaka yake, akaniangalia mimi, akauangalia mfuko.

"Umefukuzwa?"

Mjomba akajibu upesi kwamba sikufukuzwa, nilikuwa nimewakumbuka tu. Mama akanishika mkono juu ya kiwiko, vidole vyake vikazunguka na kukutana. Akauliza mbona nimekonda hivi. Mjomba akasema ni mapishi yake, yeye hajui kupika. Hakumwambia habari za Abeli, siku ile wala baadaye. Mama alikufa bila kuzijua.

Tulikula mapema, jua likiwa bado juu ya miti. Ulikuwa ugali na mlenda. Mama alimtengea Mjomba peke yake, akatutengea watoto, yeye akakaa pembeni akinyonyesha mmoja halafu mwingine. Anna alipomwambia aje kula, alisema amekwisha kula jikoni. Lakini mimi ndiye niliyetoka jikoni na lile sufuria. Nilikuwa nimelikwangua mwenyewe, na ukoko wenyewe nilikuwa nimempa Petro. Nilitazama sahani yetu. Tulikuwa watatu na mikono mitatu, na upande wangu wa ugali ulikuwa mkubwa kidogo kuliko kawaida, kwa sababu mimi nilikuwa mgeni.

Nililala na Mama na mapacha. Nilikuwa nimelitamani joto lake muda wote ule, na sasa nililipata, kwenye ukingo wa kitanda, kwa sababu katikati kulikuwa na wengine. Alfajiri aliamka kabla ya jogoo na mimi nikamsikia akijishika kiuno, akisimama kwa awamu, kama mtu anayenyanyua gunia.

Asubuhi tulipokuwa tunakunywa uji, Mjomba aliniuliza mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama nabaki au tunaondoka wote. Akaongeza kwamba lolote nitakalosema ni sawa, hakuna atakayenikasirikia. Mama alikuwa anafagia uwanja, ametupa mgongo. Ufagio ukasimama.

Nilimwangalia Anna na gauni langu. Lilikuwa limemkaa vizuri. Sikuwaza mambo makubwa, nilikuwa mtoto. Niliwaza tu kwamba nikibaki itabidi alivue, na kwamba mikono kwenye sahani itakuwa minne, halafu mitano, mapacha wakianza kula.

"Nilikuja kumsalimia Mama tu," nilisema.

Ufagio ukaendelea. Ulifagia pale pale ulipokuwa, muda mrefu, mahali palipokwisha kuwa safi.

Alitusindikiza mpaka barabarani, akiwa na furushi la mchele mpya kichwani na Doto mgongoni. Hakuwa mtu wa kukumbatia watoto, watu wa kwetu hawakuwa na desturi hiyo. Basi lilipoonekana kwa vumbi lake alinirekebisha kola, akaniwekea furushi mikononi, akaniambia, "Umenipunguzia mzigo, mwanangu."

Nilipanda nikiwa nimejaa fahari. Hakuna mtu aliyewahi kunisifu hivyo. Niliyarudia maneno yale kichwani kijiji hadi kijiji, umenipunguzia mzigo, nikayaona kama zawadi iliyoandikwa kwa ajili yangu peke yangu. Ilinichukua miaka mingi kusikia upande wake wa pili, kwamba aliyempunguzia mtu mzigo alikuwa sehemu ya huo mzigo. Nimemuuguza Mama mpaka mwisho wake, na sasa nimemuuguza kaka yake. Nimegeuza wagonjwa kitandani, nimewaosha, nimewalisha kwa kijiko wakikataa kufungua kinywa. Kuna siku nimetamani waende ili nipumzike, na siku hizo hizo nisingemwachia mtu mwingine kijiko. Kwa hiyo sasa nadhani Mama alimaanisha pande zote mbili, na hakuona tofauti kati yake.

Siku ile lakini sikujua hayo. Tulipoingia mbugani na madirisha kufungwa, nilimgeukia Mjomba nikamwambia alichosema Mama, neno kwa neno, nikisubiri naye anisifu. Mjomba alinisikiliza. Akatazama nje kwenye majani makavu. Halafu akaniuliza kama nina njaa.

Nikamwambia ndiyo, ninayo.